Mwongozo kamili: namna ya kuandika hadithi ya mauaji chuoni, watu wacheke na marehemu abaki na heshima yake

Naandika hii kwa sababu naona watu wenye kipaji wanakwama palepale kila siku. Nakaa Mtwara mjini, na kwa kuwa watu wanajua napenda hadithi za upelelezi huwa wananiletea kazi zao nisome kabla hawajaziweka mtandaoni, wengine wanachuo, wengine walimu, kuna dada mmoja anauza vocha Magomeni anaandika vizuri mno. Karibu wote wanataka kitu kimoja: mauaji yatokee chuoni, msomaji acheke, mwisho muuaji ajulikane.

Na karibu wote wanaanguka shimo lilelile. Kurasa za mwanzo zinachekesha kwelikweli, alafu mtu anakufa, na kuanzia hapo kicheko kinakauka, hadithi inageuka ripoti ya polisi mpaka mwisho. Au inakuwa kinyume, mwandishi anaendelea kuchekesha mpaka juu ya maiti, msomaji anajisikia vibaya anaiweka simu pembeni. Na wa tatu ni yule ambaye muuaji wake anatokea ukurasa wa mwisho, mtu ambae hatujawahi hata kumsikia.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo mpaka mwisho ili uone kila hatua inavyoshikana na nyingine. Usiruke hatua, maana hatua ya 7 haiwezekani kama ya 2 na ya 3 hujazifanya.

Vitu vya kuandaa kwanza

Kaunta buku moja, hata ya kwaya mbili inatosha. Usianzie kwenye simu, utaona kwanini.

Peni ya bluu na peni nyekundu.

Karatasi mbili za A4 za kuchorea ramani ya chuo chako.

Ratiba ya kweli ya chuo chochote, ya vipindi na ya mitihani, omba kwa mwanachuo yoyote atakupa.

Kalenda inayoonyesha mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na kama hadithi yako inagusa bahari tafuta na jedwali la maji kupwa na kujaa.

Wasomaji watatu: mmoja amesoma chuo, mmoja hajawahi kukanyaga chuo, na mmoja mtu mzima ambaye ameshazika watu wengi. Huyu wa tatu ndio muhimu kuliko wote.

Muda wa wiki sita. Ukitaka kumaliza kwa wiki moja utaandika kichekesho chenye maiti ndani yake, sio hadithi ya upelelezi.

Hatua ya 1: Jua kwanini msomaji anaipenda hadithi ya chuoni, alafu chagua chuo chako

Chuo kinafaa kwa mauaji ya kwenye karatasi kwa sababu tatu na zote lazima uzitumie.

Kwanza ni sehemu yenye geti. Mlinzi anaandika majina, hosteli zinafungwa saa fulani, maktaba ina mtu anayeshika funguo. Kwaiyo idadi ya wanaoweza kuwa wameua ni ndogo na msomaji anaweza kushindana na wewe kukisia.

Pili, chuoni watu wana vyeo vikubwa na magomvi madogo. Watu wazima wenye shahada tatu wananuniana mwezi mzima kwa ajili ya projekta. Mwanafunzi anamchukia mwenzake kwa sababu ya nondo, yaani notisi za masomo, alizoazima hakurudisha mpaka testi imepita. Hapo kicheko kipo tayari, we unakiokota tu.

Tatu, na hii ndio watu wengi hawaioni: ratiba ya chuo haisimami. Mtu amekufa jana, na kesho saa mbili asubuhi testi ipo palepale. Kijana analia msibani huku mfukoni ana karatasi ya fomula. Msomaji anacheka na kuumia kwa pamoja kwa sababu anajua ni kweli, maisha ndio yalivyo. Hii ndio ladha yenyewe watu wanayoitafuta kwenye hadithi hizi.

Angalizo: mji tumia wa kweli, chuo buni. Hapa Mtwara na Lindi vyuo ni vya kuhesabu, ukitaja jina la chuo cha kweli kila mtu ataanza kutafuta mwalimu gani umemsema na hadithi imekufa. Mfano wangu: chuo cha kubuni pembeni ya mji wa Mtwara, mwezi Novemba, minada ya korosho imeshaanza, harufu ya mabibo inaingia mpaka madarasani, na wanafunzi nusu hawajamaliza ada kwa sababu wazazi wanasubiri malipo ya korosho. Unaona? Hapo tayari kuna watu wenye wasiwasi wa hela kabla hata sijataja maiti.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kuchora chuo chako kwenye A4 bila kufikiria: geti, kantini, stesheneri, hosteli, maktaba, ofisi, njia ya mkato ambayo kila mtu anaipita na imekatazwa.

Hatua ya 2: Mtengeneze marehemu kabla ya mtu mwingine yoyote

Wengi wanaanza na mpelelezi. Anza na atakayekufa.

Hapa nataka tukae kidogo. Sisi tayari tuna mtu anaejua kuchekesha penye kifo, na ni mtani. Umeenda msibani umemuona. Watu wanalia, yeye anakuja amevaa koti la marehemu, anatembea kama alivyokuwa anatembea marehemu, anadai hela kwa sauti yake. Pale makaburini anajilaza ndani ya kaburi hatoki mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni, na hakuna anayesema amemkosea marehemu heshima.

Kwanini hakosei? Mwangalie anachocheka. Anacheka namna marehemu alivyoishi: mwendo wake, ubahili wake, neno alilopenda kulirudia. Hacheki ugonjwa wake, hacheki ajali, hacheki jeraha. Anawacheka pia waliobaki, ndugu waliokuja na begi kubwa wakitegemea mirathi. Sheria nzima ya hadithi hizi ipo hapo. Cheka maisha yake, cheka walio hai, kifo chenyewe kiache kimya.

Sasa ili uweze kufanya hivo marehemu lazima awe na maisha. Mpe tabia moja kubwa inayochekesha, alafu jambo moja la siri linaloonyesha alikuwa mtu mwema au angalau mtu kamili.

Marehemu wangu ni mwalimu wa riseachi, wanafunzi wanamwita Dokta Rudia kwa sababu kila andiko linarudi na neno RUDIA kwa peni nyekundu. Hiyo ndio tabia. Siri yake: kila mwaka alikuwa akimlipia ada mwanafunzi mmoja au wawili kimyakimya, na risiti zimekaa kwenye droo chini ya maandiko.

Angalizo kubwa: usimfanye marehemu kuwa mtu mbaya tu ili msomaji asiumie. Najua inarahisisha kazi, lakini ukifanya hivo hakuna anayejali nani kamuua, na hadithi inakosa miguu.

Utajua umefaulu hivi: msimulie mtu kuhusu marehemu dakika tatu bila kusema atakufa. Akicheka, alafu ukimwambia "huyu ndio anauawa" akasema "aah jamani," umepata.

Hatua ya 3: Muuaji, na sababu ambayo sio ya kuchekesha

Vichekesho vyote viko ruksa isipokuwa hapa. Sababu ya kuua iwe nzito, ya aibu au ya woga, kitu ambacho mtu mwenye heshima anaweza kupoteza. Ukiua mtu kwa sababu ya kuku wa kantini, msomaji anaona umemchezea.

Kwenye mfano wangu muuaji ni Naibu Mkuu wa chuo. Ameandika kitabu, karibu kizinduliwe, cheo kinamsubiri. Lakini kitabu sio chake. Ni kazi ya binti mmoja wa Newala aliyeacha masomo mwaka wa tatu miaka kadhaa nyuma, ada ilimshinda, andiko lake likabaki ofisini. Dokta Rudia ndio alikuwa anamsimamia yule binti. Naibu hakulijua hilo, akampelekea kitabu akisome.

Mwaka 1929 padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, ambaye na yeye aliandika hadithi za upelelezi, alitoa sheria kumi za kazi hii. Ya kwanza inasema muuaji atajwe mapema kwenye hadithi, na asiwe mtu ambaye msomaji ameingizwa kwenye mawazo yake. Zile nyingine unaweza kubishana nazo, hii usibishane nayo. Kama hadithi yako ina sehemu kumi, muuaji awe ameonekana sehemu ya kwanza au ya pili, tena akiongea.

Na mfanye achekeshe. Msomaji huwa hamshuku mtu anayemfurahisha. Ila wengine nao wachekeshe, maana akichekesha peke yake umemuonyesha kidole.

Hatua ya 4: Ramani na saa

Chukua A4 ya pili, chora chuo tena, alafu andika kila mtu alikuwa wapi saa ya kifo. Kwa peni ya bluu andika alichosema, kwa nyekundu andika ukweli. Ndio maana nilisema usianzie kwenye simu, hii kazi inataka macho yaone kila kitu kwa pamoja.

Kwangu: usiku wa mwezi mpevu, saa nne, umeme umekatika, Dokta anaanguka kwenye ngazi za maktaba na sio kwamba ameteleza. Mistari miwili inatosha kuelezea kifo. Damu na majeraha yaache, hadithi ya kuchekesha haibebi uzito huo.

Hatua ya 5: Watuhumiwa wanne au watano, kila mmoja na aibu yake ndogo

Hapa ndipo kicheko kinapoendelea baada ya kifo, na hapa ndipo wengi wanaishiwa. Dawa yake ni hii: kila asiye na hatia naye anadanganya, ila anadanganya kwa ajili ya aibu ndogo.

Wodeni wa hosteli anasema alikuwa amelala. Ukweli alikuwa anapokea hela za wanaobebwa, wale wasio na chumba wanaolala kitanda kimoja na wenzao, na godoro la ziada anakodisha kwa usiku.

Mhasibu anasema alikuwa ofisini anafunga hesabu. Ukweli aliondoka na gari la chuo kwenda Tandahimba kwenye korosho zake.

Kijana wa mwaka wa tatu, aliyerudishiwa andiko mara saba na alishasema mbele za watu "huyu mzee Mungu anamuona," anasema alikuwa hosteli. Ukweli alilala ndani ya maktaba akiogopa kukosa meza ya karibu na soketi asubuhi.

Mama Zuhura wa kantini anasema hajui chochote. Ukweli anajua kila kitu ila alikuwa anasikiliza dirishani na hataki kusema alikuwa anasikiliza dirishani.

Kila uongo ukifichuka msomaji anacheka, alafu mtuhumiwa mmoja anatoka kwenye orodha, na hadithi inasonga. Kicheko na upelelezi vinakuwa kazi moja. Ndio maana ukifanya hatua hii vizuri hutatafuta tena utani wa kupachika.

Angalizo: usifanye mtu achekeshe kwa sababu ya kabila lake au lafudhi yake. Utani wa makabila una wenyewe na una mahali pake, mtani anamjua mtani wake ana kwa ana. Kwenye maandishi unasomwa na yeyote, unageuka tusi.

Hatua ya 6: Mpelelezi asiwe polisi

Chagua mtu ambaye kazi yake inampitisha kwa kila mtu. Chuoni nafasi bora kuliko zote ni stesheneri. Yule anayechapa na kufunga maandiko anaona barua za kuomba udhuru, rufaa za sapu (mtihani wa marudio), barua za mapenzi, picha za pasipoti, malalamiko ya bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, kuchelewa. Hakuna mtu anayejificha mbele ya mashine ya fotokopi.

Wangu ni Somoe, mwaka wa tatu, mtoto wa Mikindani, mchana anafanya kazi stesheneri ya chuo kwa sababu bumu halimfikishi mwisho wa mwezi. Mama yake anachokoa pweza. Shika hilo la pweza.

Polisi wawepo na wafanye kazi yao vizuri. Mwili unapelekwa hospitali, daktari anauchunguza, mpelelezi anahoji watu kwa utaratibu. Kumfanya polisi mjinga ni njia rahisi na imechoka. Tofauti ni kwamba polisi ni mgeni pale, anauliza "ulikuwa wapi", Somoe anajua nani anamdai nani nondo. Tena kama marehemu ni Muislamu, familia inataka kuzika haraka kama ilivyo kawaida na polisi wanasubiri daktari, hapo unapata saa inayokimbia bila kubuni chochote.

Hatua ya 7: Ficha dalili ndani ya kichekesho

Hii ndio hatua yenyewe. Kama una muda wa kusoma hatua moja tu mara mbili basi isome hii.

Msomaji wa upelelezi anasoma kwa macho makali, kila kitu anakikagua. Ukiandika "mezani kulikuwa na kisu chenye mpini mwekundu" ameshakiweka mfukoni. Lakini mtu akicheka anaacha kukagua. Akili inachukua utamu inapita. Kwaiyo dalili kubwa unaiweka ndani ya sentensi inayochekesha, alafu unaifuata haraka na kichekesho kingine kikubwa zaidi ili kimvute mbele.

Angalia kipande hiki nilichokiandika kwa ajili ya mwongozo huu:

"Dokta Rudia alikuwa hawezi kupita kwenye maandishi bila kuyasahihisha. Tangazo la mbuzi aliyepotea pale getini alilizungushia duara mara tatu akaandika pembeni: Mbuzi wa rangi gani? RUDIA. Kadi ya mchango wa harusi ya mhasibu ilirudi na elfu ishirini ndani yake na maneno: Ukumbi umetajwa, tarehe haijatajwa. RUDIA. Mama Zuhura aliacha kabisa kuandika bei ubaoni, akawa anazitamka. Chuo kizima aliyekuwa anatembea kifua mbele ni Naibu Mkuu peke yake, kitabu chake cha kurasa mia mbili na kumi kimerudi kutoka kwa Dokta hakina hata nukta nyekundu, akawa anakipitisha meza kwa meza watu wajionee. 'Mnaona? Safi kama sahani.' Mama Zuhura akakipokea, akakipekua, akasema sahani zake mwenyewe hazijawahi kurudi safi hivyo. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Siku hiyo maandazi yaliisha saa tatu."

Umeona muuaji alipoanikwa? Mtu asiyeweza kuacha tangazo la mbuzi bila kulisahihisha amesoma kurasa mia mbili na kumi na hajaweka hata nukta. Haiwezekani. Lakini msomaji ameshapelekwa kwenye sahani za Mama Zuhura na maandazi, amecheka, amepita. Dalili iko mbele ya macho yake na hajaiona.

Mwishoni Somoe anaposema kwanini hakuna RUDIA kwenye kile kitabu, kichekesho kilekile kinageuka na kuuma. Dokta hakuandika chochote kwa sababu zile kurasa alishaziandikia RUDIA miaka ya nyuma, zikiwa mikononi mwa mwenyewe, yule binti wa Newala, na binti alirudia, na alirudia tena, mpaka zikawa safi. Hakukuwa na cha kusahihisha. Nikifika hapo mimi mwenyewe huwa nasimama kidogo, nawafikiria wanafunzi wote waliorudi nyumbani na andiko zuri kwenye begi kwa sababu ya ada.

Namna ya kufanya, kwa mpangilio:

Andika kwanza dalili kwa sentensi kavu, mfano "Dokta hakusahihisha kitabu cha Naibu."

Jiulize tabia gani ya marehemu inaifanya dalili hiyo iwe ya ajabu. Kwangu ni kusahihisha kila kitu.

Tengeneza mifano miwili au mitatu ya tabia hiyo, kila mmoja unazidi wa mwanzo kwa kuchekesha. Mmoja hautoshi, mitano inachosha.

Weka dalili baada ya mifano, kama tofauti ya kuchekesha.

Funga na kicheko cha mtu mwingine kabisa, sio cha muuaji, ili jicho lihame.

Onyo: usiirudie dalili. Mwandishi anaogopa msomaji hatakumbuka, anaikumbushia sehemu ya tano, ya sita, ya nane. Msomaji anakumbuka kilichomchekesha, kiamini hicho kicheko.

Onyo la pili: kila dalili moja ya kweli ipe dalili mbili za uongo zenye uzito sawa, nazo zichekeshe. Kwangu ni maneno ya yule kijana "Mungu anamuona" na lile gari la chuo lililokutwa na maganda ya korosho chini ya kiti.

Hatua ya 8: Dalili moja itoke kwenye ardhi yako

Hii inafanya hadithi yako isiweze kuhamishiwa mji mwingine, na msomaji wa nyumbani anafurahi mno.

Naibu anawaambia polisi kwamba saa nne ya usiku ule alikuwa pwani ya Shangani anaogelea kupunguza mawazo, mwezi mpevu unawaka, maji yamejaa mpaka karibu na barabara. Picha nzuri, polisi anaandika. Somoe anasikia anashtuka. Mtoto wa mchokoaji pweza anajua kwamba kwenye bamvua, wakati wa mwezi mpevu au mwandamo, maji ya pwani yetu yanajaa kwenye saa kumi hivi na yanakupwa kwenye saa nne hivi, usiku na mchana. Saa nne ile mama yake alikuwa anatembea juu ya miamba na mchokoo wake, taa mkononi. Bahari ilikuwa mbali huko. Naibu alielezea bahari aliyoiona saa kumi jioni.

Kwanini inafanya kazi: dalili ilikuwa wazi kwa yeyote aliyekulia pwani, haikuhitaji maabara wala kamera. Na anayejua sio mwenye shahada, ni mama mwenye ndoo ya pweza. Mimi napenda sana hadithi inapompa mtu wa namna hiyo neno la mwisho.

Kagua ukweli wako. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwaiyo ukisogeza tarehe siku nne mbele hesabu yote imeharibika, na kuna mvuvi atakayesoma. Angalia kalenda na jedwali la maji kabla hujaandika. Kama uko Nachingwea au Masasi huna bahari, tumia korosho: siku ya mnada, gunia linavyofungwa, nani anatunza ghala. Ila muulize anayefanya kazi hiyo, usikisie.

Hatua ya 9: Sehemu ya msiba

Fupi, iwe moja tu, na iwe katikati ya hadithi. Mtani wa Dokta Rudia anakuja, ameshika peni nyekundu, anachukua daftari la rambirambi, anazungushia majina duara. Mtu ameandika elfu mbili. RUDIA. Watu wanacheka huku wanalia. Alafu kaka wa marehemu anaomba ile peni, anaiweka mfukoni, hasemi kitu.

Hapo acha. Usieleze hisia za mtu yoyote. Ukijisikia kuongeza sentensi moja ya kufafanua, ifute.

Hatua ya 10: Kumfichua muuaji

Kukusanya watu wote kwenye chumba kimoja kunafaa chuoni kwa sababu vikao vipo kila siku. Mimi nimeweka uzinduzi wa kitabu, ukumbini, watu wamekaa, soda zimepangwa, mgeni rasmi amechelewa kama kawaida. Somoe ndio amefunga nakala za kitabu, anaingia nazo mikononi.

Mpe maelezo yasiyozidi ukurasa mmoja na nusu. Aanze na bahari, alafu peni nyekundu, alafu jina la yule binti wa Newala. Mpangilio uwe huo, kutoka kwenye uongo mdogo kwenda kwenye uchungu. Kicheko cha mwisho kiwe kabla ya jina la binti, baada yake pasiwe na kicheko tena. Somoe asimkamate mtu, polisi yupo mlangoni, ameshapewa taarifa tangu asubuhi, kazi yake aifanye yeye.

Dalili ya kufaulu: msomaji anarudi nyuma kutafuta kile kipande cha mbuzi na sahani. Mtu akikutumia ujumbe "nimerudia kusoma sehemu ya pili, we mtu ulituficha pale pale," umeshinda.

Hatua ya 11: Jaribio la wasomaji watatu

Kata hadithi vipande vya maneno 800 mpaka 1,000, ndio urefu mtu anaweza kusoma kwenye daladala kabla ya kushuka. Wape wasomaji wako kipande kimoja kimoja, na wasomee kwa sauti kama unaweza.

Aliyesoma chuo muulize wapi umekosea mambo ya chuo. Asiyesoma chuo muulize neno gani hakulielewa, kama sapu au bumu, na urekebishe sentensi imsaidie bila kuweka maelezo pembeni.

Kila mmoja, akifika katikati, akuandikie anamshuku nani. Wote watatu wakimtaja muuaji, umemuonyesha mno, rudi hatua ya 7. Wote watatu wakikosa na mwisho wakasema "umetudanganya," dalili hazikuwepo, rudi hatua ya 7 pia. Unachotaka ni mmoja apatie, au wote wakose alafu wakasirike kwa furaha.

Yule mtu mzima aliyezika wengi msomee sehemu ya msiba peke yake, mkiwa mmekaa wawili. Usimuulize kitu. Mwangalie uso. Akicheka kwenye ile ya elfu mbili alafu akanyamaza kwenye peni, iache kama ilivyo, usiguse hata neno. Akinyamaza kote, kuna mahali umemcheka marehemu kwa kufa kwake. Tafuta sentensi hiyo, mara nyingi ni moja tu, itoe, alafu nenda kamsomee tena.